Kata Ilipoamua Kusema

Mwaka jana niliandika insha kuhusu chumba chetu cha hosteli. Vitanda vinne, dirisha moja, pasi moja ya kuazimana. Ndani yake niliandika jinsi mmoja wetu alivyokuwa akiongea na simu usiku kwa sauti ya chini, akimwambia mama yake kwamba ada imeshalipwa wakati haijalipwa. Jina sikulitaja. Hata mkoa anakotoka niliubadilisha. Insha ikasifiwa darasani, ikachapishwa mtandaoni, na siku ya tatu mwenyewe akaisoma kwenye simu yake akiwa amekaa kitandani, hatua mbili kutoka kwangu. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Shoga, kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unaniandika?"

Sikuwa na jibu. Tulimaliza muhula kwa salamu tu.

Nayasema haya mapema ili usije ukajiuliza mwanafunzi wa uzamili wa Dar es Salaam ana shughuli gani na besiboli. Kwa kweli sina. Nilichokuwa nacho ni tasnifu kuhusu shajara kama kazi ya fasihi, na msimamizi aliyeniambia kwamba kabla sijaandika neno jingine juu ya haki ya mwandishi kusema ukweli, nikasome shajara mbili za Wamarekani waliokuwa wakilipwa kurusha mpira: *The Long Season* ya Jim Brosnan, iliyotoka 1960, na *Ball Four* ya Jim Bouton, iliyotoka 1970. Niliviendea vitabu hivyo nikitafuta wakili. Nilitaka mtu wa kunitetea mbele ya kitanda cha pili.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, besiboli haina dakika 90. Ina ngwe tisa, na katika kila ngwe timu moja hurusha na nyingine hupiga, kisha hubadilishana. Katikati, juu ya kichuguu kidogo cha udongo, husimama mrushaji, na kila kitu humsubiri yeye. Mrushaji anayeanza mechi ndiye mwenye jina, ndiye anayetangazwa tangu jana yake. Lakini mkono huchoka, na wapigaji wakishamwona mtu mara mbili tatu huanza kumsoma. Hapo ndipo anapoitwa mrushaji wa akiba.

Huyu si kama mchezaji wa akiba wa kandanda anayekaa benchi karibu na kocha. Yeye na wenzake huwekwa mbali, kwenye kibanda chao cha kupashia misuli pembeni kabisa mwa uwanja. Huko hukaa saa mbili, saa tatu, wakitazama, wakisimuliana, wakisubiri simu ilie. Ikilia, mmoja huinuka na kuanza kupasha. Anaweza kupasha akaitwa. Anaweza kupasha akaambiwa akae. Anaweza kupasha na kukaa mara mbili katika mechi moja, na kesho yake gazeti lisiandike kama alikuwepo.

Na akiitwa, mara nyingi huitwa palipoharibika. Anakuta wapinzani wameshasimama vituoni, wameachwa hapo na mwenzake aliyetolewa. Hapa kuna kanuni moja ya utunzaji wa kumbukumbu ambayo naomba uishike, kwa sababu nitairudia: wakimbiaji hao wakifika kituo cha mwisho na kupata pointi, pointi hizo haziandikwi kwa mrushaji aliyeko uwanjani. Huandikwa kwa yule aliyeondoka. Wa akiba anaweza kuvurunda mechi nzima na daftari lake likabaki safi.

Jim Brosnan alikuwa mtu wa kibanda hicho. Alivaa miwani, alisoma vitabu, na wenzake walimwita Profesa. Msimu wa 1959 aliuanza na Cardinals wa St. Louis na kuumaliza na Reds wa Cincinnati, maana mwezi Juni alibadilishwa na mrushaji mwingine, kama watu wanavyobadilishana vitu. Kitabu chake kinaanzia kwenye barua ya mkataba wakati wa baridi na kwenda hadi mwisho wa msimu, siku kwa siku. Alikiandika mwenyewe. Hilo leo linaonekana dogo, lakini wakati ule vitabu vya wachezaji kwa kawaida viliandikwa na waandishi wa habari, mchezaji akatoa jina na picha.

Nilipoanza kukisoma nilichoka. Hakuna siri. Kuna hoteli, treni, ndege, kikombe cha kahawa, kuna mpigaji fulani asiyeweza mpira wa chini upande wa nje. Brosnan anakueleza alichokusudia kurusha, alichorusha kweli, na umbali uliopo kati ya viwili hivyo. Ilinichukua kurasa kama mia kuelewa kwamba umbali huo ndio kitabu chenyewe. Kila mtu anayefanya kazi ya mikono anaujua: fundi cherehani anaujua, mpishi anaujua. Brosnan alikuwa wa kwanza kuuandika kutoka ndani ya mchezo ule bila kuupaka sukari.

Uhamisho wa Juni unakuja katikati ya kitabu na kukivunja. Ulikuwa umeshawazoea watu wa St. Louis, majina yao, mizaha yao, kocha asiyeelewana na msimulizi. Ghafla wote wanatoweka, na wewe pamoja na Brosnan mnaanza kujifunza majina mapya. Mtunzi wa riwaya angeambiwa na mhariri wake kwamba hilo ni kosa la muundo. Brosnan hakuwa na la kufanya, ajira yake ndiyo iliyokuwa na muundo huo. Sijasoma maelezo bora zaidi ya jinsi mtu anavyoweza kuwa mali ya mwajiri kuliko pengo lile la katikati ya kitabu, na Brosnan hahubiri hata sentensi moja.

Kuna jambo jingine linalofaa kusemwa kuhusu mrushaji wa akiba wa miaka ile. Kazi yake haikuwa na safu katika takwimu rasmi. Mrushaji anayeanza alihesabiwa ushindi na vipigo. Yule aliyekuja mwishoni akaulinda ushindi wa mwenzake hakuhesabiwa chochote cha peke yake. Mwandishi wa habari wa Chicago, Jerome Holtzman, ndiye aliyependekeza njia ya kuhesabu "uokozi" wa namna hiyo karibu na 1960, na ligi ikaikubali rasmi mwaka 1969. Kwa hiyo Brosnan alipokaa kuandika, alikuwa anafanya kazi isiyokuwa na daftari. Shajara yake ndiyo ilikuwa daftari. Naamini ndiyo maana ina subira ile ya mhasibu: kama yeye asingeandika kilichotokea katika ngwe ya nane ya Jumanne fulani, kisingekuwa kimetokea.

Aliandika kitabu cha pili, *Pennant Race*, kuhusu msimu wa 1961, ambao Reds walitwaa ubingwa wa upande wao kabla ya kufungwa na Yankees katika fainali. Malipo yake yalikuja baadaye. Mwaka 1963 alihamishiwa White Sox wa Chicago, ambao hawakutaka achapishe chochote msimu ukiendelea. Mwaka uliofuata aliachwa. Akatangaza kwenye gazeti la michezo kwamba anatafuta kazi, tangazo kama la mtu yeyote anayetafuta kibarua, na hakuna timu iliyomchukua. Alikuwa na miaka 34. Kumbuka kwamba huyu ndiye aliyekuwa mpole kati ya wawili wangu.

Wa pili, Jim Bouton, hakuzaliwa kibandani. Alishushwa. Mwaka 1963 alikuwa mrushaji wa kuanza wa Yankees wa New York, akashinda mechi 21. Mwaka 1964 akashinda 18, na mbili zaidi katika fainali. Alirusha kwa nguvu kiasi kwamba kofia ilimdondoka kichwani. Kisha mkono ukaharibika. Kufikia 1969, akiwa na miaka 30, alikuwa mrushaji wa akiba wa Seattle Pilots, timu mpya iliyodumu Seattle msimu mmoja tu kabla ya kuhamishiwa Milwaukee. Silaha yake iliyobaki ilikuwa mpira unaoshikwa kwa ncha za vidole na kusukumwa bila kuzungushwa, ukaenda taratibu ukiyumbayumba hewani. Ukiyumba vizuri hakuna wa kuupiga. Ukikataa kuyumba, kila mtu anaupiga. Mwenye kuurusha naye hajui utafanya nini.

Mwaka huo wote Bouton alikuwa akiandika kwenye vipande vya karatasi na kujirekodi kwenye kanda, na mwandishi wa habari Leonard Shecter akamsaidia kuhariri. Mwezi Agosti, kama Brosnan miaka kumi nyuma, naye akabadilishwa, akapelekwa Houston. Kitabu kilipotoka, Marekani ikasoma kwa mara ya kwanza kwamba mashujaa wake wanalewa, wanameza vidonge vya kuamsha mwili kabla ya mechi, wanapanda hadi juu ya paa la hoteli kuchungulia madirisha ya wanawake, na kwamba Mickey Mantle, kipenzi cha taifa, alikuwa akicheza na uchovu wa pombe ya jana. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alimwita ofisini akataka asaini kwamba kitabu si cha kweli. Bouton akakataa. Pete Rose alimzomea kutoka benchi la timu yake kwa kumwita Shakespeare, na kabla ya jina hilo aliweka tusi.

Wahenga wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata inaingia, inagusa chini kabisa ambako mgeni hawezi kuona, inatoka. Methali hiyo inachukulia kwamba kata haisemi. Chumba cha wachezaji nacho kilichukulia hivyo. Yaliyomo humo yalipaswa kubaki humo. Mara ya kwanza nilipoisoma *Ball Four* nilishangilia, maana hii hapa kata imesema, na mtungi haukuvunjika. Mwaka 1996 Maktaba ya Umma ya New York ilikiweka kitabu hicho katika orodha ya vitabu vya karne. Wakili wangu nilikuwa nimempata.

Mara ya pili nilisoma polepole zaidi.

Ukweli ni kwamba Bouton ni mcheshi kuliko Brosnan, na jasiri kuliko Brosnan, na sehemu bora za kitabu chake ni zile anazojianika mwenyewe. Anavyohesabu mechi ambazo simu imelia na hakuitwa yeye. Anavyomlilia kocha apewe nafasi, kisha anaona haya kwa kulia. Anavyofurahi kimoyomoyo mwenzake anapovurunda, kwa kuwa pengo la mwenzake ndilo kazi yake. Mtu aliyewahi kugombea nafasi moja ya udhamini na rafiki yake ataitambua furaha hiyo na asiipende. Hapo Bouton anajitoza mwenyewe, na mwandishi anayejitoza namruhusu mengi.

Hata sura ya Mantle ni tata kuliko umbea wake. Katika kitabu hichohicho kuna siku Bouton, akiwa kijana mpya, ameshinda mechi bila wapinzani kupata pointi hata moja. Anaingia chumbani na kukuta njia ya taulo nyeupe imetandikwa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake. Aliyezitandika ni Mantle. Wasomaji wa 1970 walikumbuka pombe wakasahau taulo. Lakini Bouton aliziandika zote mbili, na ukizisoma pamoja unaona mtu mzima, mkarimu na mwenye kujiharibu. Mkosoaji wa haki lazima aseme kwamba hilo halikuwa kosa la kitabu.

Kosa la kitabu liko juu ya paa la hoteli. Bouton anausimulia mchezo ule wa kuchungulia kama mzaha wa wavulana, naye yumo katika "sisi" ya mzaha huo. Wachezaji wanaochungulia wana majina, wana mikoa wanakotoka, wana utani wao. Wanawake walioko upande wa pili wa kioo hawana chochote, ni mwanga wa dirishani tu. Mwandishi ambaye hakuogopa kamishna, hakuogopa Yankees, hakuogopa taifa, hakufika mahali pa kujiuliza mtu wa ndani ya chumba kile angesema nini akisoma. Na hapa naomba uikumbuke kanuni yangu ya wakimbiaji. Bouton alipoingia kwenye simulizi, watu hao walikuwa wameshasimama vituoni. Aliwaachia wapite, kila mtu akacheka, na deni likaandikwa kwa wengine. Daftari lake likabaki safi.

Kata nyingine ilisema baadaye. Mwaka 1983 kilitoka kitabu kiitwacho *Home Games*, kilichoandikwa na wanawake wawili: Bobbie Bouton, aliyekuwa mke wa Jim, na Nancy Marshall, aliyekuwa mke wa Mike Marshall. Huyo Mike alikuwa Seattle pamoja na Bouton mwaka 1969, kisha akawa mrushaji wa akiba mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Mwaka 1974 alirusha katika mechi 106, na akawa wa akiba wa kwanza kupewa tuzo ya Cy Young. Kitabu cha wake zao hakikupata sehemu hata ndogo ya umaarufu wa *Ball Four*. Hakimo katika orodha za karne. Lakini kuwepo kwake tu kunabadilisha namna ya kuisoma *Ball Four*. Kunakuonyesha kwamba yule aliyekuwa akipiga simu nyumbani kutoka hotelini alikuwa na mtu upande wa pili wa waya, na mtu huyo naye alikuwa akikumbuka.

Sitaki kumhukumu Bouton kana kwamba maisha hayakumhukumu. Yankees walikaa miaka mingi bila kumwalika kwenye siku yao ya wakongwe. Mwaka 1994 Mantle alipofiwa na mwanawe, Bouton alimwandikia barua ya pole, na Mantle akamwachia ujumbe kwenye mashine ya simu, akimshukuru na kumwambia kwamba kitabu hakikumuumiza na kwamba si yeye aliyemfungia mlango. Mantle alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1997 Bouton akampoteza binti yake Laurie kwa ajali ya gari. Mwaka 1998 mwanawe Michael aliandika barua ya wazi katika *New York Times* akiwaomba Yankees wamrudishe baba yake, nao wakamrudisha. Mwaka 2012 akapata kiharusi kilichomharibia uwezo wa kutumia maneno. Alifariki Julai 2019.

Katika orodha hiyo ya huzuni kinachonishughulisha zaidi ni ile barua ya pole. Miaka 24 baada ya kitabu, mwandishi alimwandikia aliyemwandika, bila kuchapisha, bila msomaji mwingine. Na aliyeandikwa akajibu kwa sauti yake. Kama kuna ukosoaji wowote wa *Ball Four* ninaoukubali kabisa, ni huo ujumbe wa simu, kwa sababu umetoka kwa mtu pekee aliyekuwa na haki ya kuutoa. Hakuna mkosoaji, nami nikiwemo, awezaye kumsamehe mwandishi kwa niaba ya aliyeandikwa.

Kwa hiyo wakili niliyemtafuta sikumpata. Brosnan hawezi kunitetea kwa kuwa alikaa mbali na nyumba za watu. Siri aliyoifichua ni ya kazi, na kazi ilikuwa yake. Bouton hawezi kunitetea kwa kuwa palipo na nguvu zake yeye mwenyewe ndiye anayelipa, na mimi katika insha yangu ya hosteli sikulipa kitu. Nilipoirudia niliona kwamba mimi simo. Kuna vitanda vinne na watu watatu. Ada yangu mwenyewe, ambayo muhula ule ililipwa na mjomba baada ya mimi kumdanganya kuhusu matokeo, haikutajwa popote. Nilikuwa nimeingia katikati ya shida ya mwenzangu, nikarusha vizuri, nikapigiwa makofi, na pointi zote zikaandikwa kwake.

Ukitaka kuvisoma vitabu hivi, anza na cha Brosnan, hata kama kitakuchosha mwanzoni, ili uijue kazi kabla ya kuujua umbea. Kisha soma *Ball Four*, ucheke, maana kinachekesha, na ukifika juu ya paa usimame kidogo.

Makala hii nilimtumia mwenzangu kabla ya kuituma kwa wahariri. Aliisoma, akakaa siku mbili kimya, akanipigia. Alisema aya ya kwanza ibaki, kwa kuwa mama yake sasa anajua na wamelimaliza. Aliniomba nitoe sentensi mbili za baadaye. Nimezitoa. Halafu akaniuliza hiyo besiboli inachezwaje hasa, na kwa nini mtu apashe misuli usiku kucha kisha aambiwe akae.

Tulizungumza mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.